Mdai wa Pili

Jonan alipokufa, wake zake wawili walikuwa hawasemeshani. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa sufuria iliyounguzwa, jambo la aibu hata kulisimulia, lakini ulikuwa umedumu majuma kadhaa. Kisha mtu akaja mbio kutoka barabarani kusema kwamba lori la kahawa limepinduka kwenye mteremko wa Kyarumba, na waliokuwa wameketi juu ya magunia wamefunikwa wote. Musoki, mke mkubwa, alitoka jikoni na unga mikononi. Solanji, mke mdogo, alitoka shambani na udongo miguuni. Waliteremka ile njia ya mawe pamoja, Solanji mbele, akimshika mwenzake penye utelezi, na hawakuachana mikono mpaka walipofika chini na kuona miguu ya mume wao imejitokeza kwenye turubai.

Huo ulikuwa mwaka uliofuata ule wa mafuriko makubwa ya Kasese.

Musoki alikuwa ameolewa kanisani Kyondo, kwa shela na kwaya. Solanji hakuolewa popote. Alivuka mpaka wa Mpondwe akikimbia vita vya Bunia, akauza vitenge sokoni Bwera, na siku moja Jonan akampandisha mlimani wakati Musoki yuko kitandani, mimba imeharibika, hajiwezi kwa lolote. Jonan alisema amemleta mtu wa kumtazama mgonjwa. Kabla mvua za mwaka ule hazijakatika, kila mtu alijua amemleta mke. Mchungaji alimfungia Jonan meza ya Bwana. Musoki alilia, akatukana, akafunga virago arudi kwao. Lakini binti yake Evas, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutembea, alikuwa ameshazoea kulala mgongoni mwa yule mgeni. Na yeye mwenyewe, alipojichunguza, aliona kwamba mikono iliyomwogesha na kumlisha uji miezi yote ile ilikuwa ya Solanji. Akafungua virago.

Hakuna kati yao aliyezaa tena. Nyumba ile ikawa ya wanawake wawili na mtoto mmoja wa kike, na lugha yake ikawa Kiswahili, kwa kuwa Solanji alichelewa kukijua Kikonzo, na hata alipokijua alikisikia tu. Kujibu alijibu kwa Kiswahili cha kwao. Yeye alimwita Musoki Yaya, dada mkubwa. Evas alimwita Solanji Mama Mudogo.

Shamba lilikuwa na sehemu mbili. Ya juu Jonan aliirithi kwa baba yake. Ya chini, kando ya korongo, ilikuwa magugu matupu mpaka Solanji alipouza vitenge vyake vyote akainunua kwa mzee mmoja aliyekuwa akihama. Iliandikwa kwa jina la Jonan, kwa sababu yeye ndiye mwanamume na ndiye mwenyeji, lakini kila aliyepita njia ile aliiita kwa Solanji. Aliing'oa magugu kwa mikono, akapanda kahawa, akaikinga na maji ya mlimani kwa kuta za mawe aliyoyabeba kichwani.

Matanga yalipokwisha, Baluku, kaka yake marehemu, alikuja na vijana wenye mapanga. Alisimama uani bila kuvua kofia.

"Jonan hakuacha mtoto wa kiume," alisema. "Ardhi inarudi kwa ukoo. Musoki, wewe ni shemeji yangu, nyumba kaa nayo mpaka mtoto akue. Huyu Mkongo aende alikotoka."

Siku hiyohiyo vijana wake wakaanza kuchuma kahawa, iliyoiva na mbichi.

Mwenyekiti wa kijiji alijaribu kusuluhisha akashindwa. Ndipo wanawake wale wawili wakashuka Kasese, wakaingia ofisi ya Wakili Byarugaba iliyokuwa juu ya duka la mbolea. Byarugaba hakujua Kikonzo na wao hawakujua Kizungu, wakakutana kwenye Kiswahili cha sokoni. Akawaandikia hati ya madai. Musoki alikuwa mdai wa kwanza, Solanji mdai wa pili, wajane wa marehemu, Baluku mdaiwa. Solanji aliuliza maneno hayo ya mdai wa pili yanakaa wapi kwenye karatasi, akaonyeshwa, akayatazama kwa muda mrefu. Tangu avuke mpaka, hiyo ilikuwa mara ya kwanza jina lake kuandikwa mahali kama mtu mwenye haki ya kitu.

Miezi ikapita. Majibu ya Baluku yakaja mahakamani, na Byarugaba akatuma ujumbe Musoki ateremke peke yake.

"Mama Evas," wakili alisema, "hati yetu ina ugonjwa."

"Ugonjwa gani?"

"Mdai wa pili." Akaigeuza ile karatasi ya Baluku juu ya meza kana kwamba Musoki angeweza kuisoma. "Wenzetu wamepata wakili mzuri. Anasema ndoa ya kanisani ni ya mke mmoja, na hapo anasema kweli. Wewe ukiwa mke, yule hawezi kuwa mke. Tena ni mgeni. Mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi ya namna ile. Tukimwacha humu, wataomba kesi yote itupwe."

"Lakini ile ya chini ni yake. Pesa ilikuwa—"

"Iliandikwa kwa jina la nani?"

"La Jonan."

"Basi iache kwa Jonan, maana wewe ndiye mjane wa Jonan. Ukisema ni ya yule mama, umempa Baluku." Byarugaba alilegeza sauti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyetaka kushinda. "Hati inaweza kurekebishwa. Muda wa kurekebisha bila kuuliza umepita, kwa hiyo tutaomba ruhusa ya hakimu. Jina lake linatoka, wewe unabaki, shamba lote linabaki. Ukishinda, mtagawana nyumbani. Korti haiingii jikoni kwenu."

Musoki alitazama nje dirishani. Chini, watu walikuwa wakipakia magunia ya mbolea. Alijiambia kwamba maneno ya wakili yana akili, na kweli yalikuwa na akili.

"Kitu kimoja tu," Byarugaba aliendelea. "Hakimu atauliza huyu mama amekaa pale miaka yote kama nani. Lazima hati ijibu, na wewe uiapie." Akasoma taratibu, akitafsiri alichokwisha kukiandika: kwamba mdai ndiye mke pekee wa marehemu, kwamba mwanamke aliyetajwa kwa makosa kuwa mke alikuwa kibarua wa shamba, akilipwa kwa kazi yake.

"Kibarua," Musoki alisema. "Hakuna neno lingine?"

"Lipo. Hawara. Unalitaka hilo?"

Hakulitaka. Lakini alikuwa amegundua jambo ambalo hangemwambia mtu yeyote kwa muda mrefu. Wakili aliposoma yale maneno, mke pekee wa marehemu, kitu kitamu kilikuwa kimempanda kifuani. Kililala humo tangu siku ile Jonan alipofungua mlango na mwanamke mwingine nyuma yake. Aliwaza Evas, karo ya Evas, paa la nyumba. Aliyawaza kwa haraka, moja juu ya jingine, ili afunike kile kitamu. Kisha akapelekwa chumba cha pili kwa mtu wa viapo, akashika Biblia, akaapa.

Alipofika nyumbani Solanji alikuwa uani akipeta maharage.

"Wakili anasema majina ikibaki mbili kesi itakufa," Musoki alimwambia. "Inatakiwa jina moja, la ndoa ya kanisa."

Ungo ukatulia. "Na mi?"

"Wewe uko nyuma yangu. Tukishinda tunagawana. Ya chini ni yako, kama zamani."

"Karatasi inasema vile?"

Musoki aliinama kuokota maharage yaliyodondoka. "Karatasi inasema unatoka kwa kupenda mwenyewe."

Solanji alifikiri. Alikuwa mwanamke mwepesi wa hasira, lakini si mwepesi wa kushuku. "Yaya, we njo unajuaka mambo ya inchi yenu," alisema. "Kama ni vile, iko sawa. Nitaweka kidole."

Akaweka kidole juma lililofuata, ofisini kwa Byarugaba.

Siku ya ombi, wakili wa Baluku alipinga kwa nguvu. Alisema wadai wanabadilisha hadithi baada ya kuona utetezi. Hakimu, mama mmoja wa makamo kutoka kaskazini, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema marekebisho huruhusiwa ili mahakama ione ugomvi wa kweli ulipo, mradi upande wa pili usidhulumiwe. Akamtafuta Solanji kwa macho.

"Mdai wa pili yupo?"

Solanji alisimama. Alikuwa amejifunga kitenge chake kizuri kuliko vyote.

"Anaelewa kwamba anajiondoa katika kesi hii?" hakimu aliuliza, na mkalimani akarudia kwa Kiswahili.

"Ndiyo, mama. Naelewa."

"Hakuna aliyemlazimisha? Ameelezwa yaliyoandikwa?"

Solanji aligeuka, akamtazama Musoki, akatabasamu kidogo kama mtu anayeulizwa swali la kitoto. "Yaya yangu alinielezea yote."

Musoki aliangalia sakafu. Hapo alikuwa na nafasi, na aliijua. Angeinua mkono tu. Hakimu aliandika, ruhusa ikatolewa, wakatoka nje kwenye jua kali.

Hati iliyorekebishwa ilikuwa na rangi. Sheria inataka mabadiliko yaonekane, kwa hiyo kilichotolewa kilikatwa kwa mstari mwekundu, na kilichoongezwa kikapigiwa mstari mwekundu chini yake. Musoki alipewa nakala, akaificha chini ya godoro, lakini nyumba ile haikuwa na maficho. Evas alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya Bwera. Solanji, akikunguta godoro, aliiona karatasi, akaileta mezani.

"Hii nyekundu juu ya jina yangu najua, njo kunitosha kwa kesi," alisema. "Lakini huku chini kuna nyekundu ingine. Evas, nisomee. Inasema nini?"

Evas alisoma kimya. Musoki, aliyekuwa mlangoni na mtungi wa maji, aliona midomo ya mtoto ikitembea, kisha ikasimama. Evas aliinua uso, akamtazama mama yake. Ulikuwa mtazamo wa mtu anayesubiri asaidiwe. Musoki alitikisa kichwa kidogo sana.

"Ni maneno ya sheria tu, Mama Mudogo," Evas alisema. "Yale yale."

Akaikunja karatasi mara nyingi, akatoka, hakula siku ile.

Kesi ilisikilizwa mwaka uliofuata. Musoki alipanda kizimbani Kasese na kusema yake kwa Kikonzo: ndoa, kifo, mapanga, kahawa. Alisema vizuri. Baluku alikuwa ameketi mbele, kofia magotini. Solanji alikuwa benchi la nyuma na chakula cha wote wawili kwenye kikapu, maana alikuwa ameamka alfajiri kukipika; Evas alikaa kando yake.

Kisha wakili wa Baluku akasimama na karatasi mbili, moja kila mkono.

"Mama, hii ya kwanza uliitia sahihi wewe?"

"Ndiyo."

"Inasema wajane ni wawili. Na hii ya pili?"

"Niliitia sahihi."

"Inasema mjane ni mmoja, na yule mwingine ni kibarua anayelipwa. Ulidanganya katika ipi?"

Byarugaba alisimama kupinga. Hakimu akaruhusu swali. Mkalimani alilirudia kwa Kikonzo, kwa sauti kubwa ya kazi yake, na lile neno la kibarua likatoka wazi, likafika benchi la nyuma. Musoki alisikia kikapu kikiwekwa sakafuni.

"Ile ya kwanza ilikosewa," alijibu.

"Ilikosewa na nani?"

"Sikuelewa maswali ya wakili."

"Yule mama aliyekaa nyuma, mwenye kitenge cha kijani. Unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Ni nani wako?"

Chumba kilikuwa na joto. Musoki alimwona Solanji ameinuka nusu, mkono umeshika benchi la mbele, mdomo wazi kidogo. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na mshangao, kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake na bado anangoja mwenye kuita atambue kosa. Musoki angeweza kusema. Maneno yalikuwa mafupi. Lakini aliona pia mbele yake Baluku akiegemea kusikiliza, akaona mapanga uani, akaona Evas akifukuzwa shule.

"Alikuwa akitusaidia shambani," alisema.

"Kwa malipo?"

"Kwa malipo."

"Uongo!" Solanji alisimama wima. "Yaya! Malipo gani? Nilikulisha na mukono yangu! Mutoto nilimubeba mi! Mama hakimu, ile shamba ya chini—"

"Huyu ni nani katika kesi hii?" hakimu aliuliza, kalamu juu.

Karani alifungua jalada, akatafuta. "Si mhusika, mheshimiwa. Aliondolewa."

"Basi aketi, au atoke nje."

Askari alimsogelea. "Toka, mama. Haraka." Solanji alimtazama Musoki mara moja tu, akainua kikapu, kisha akakiweka tena chini palepale, akatoka mikono mitupu. Evas alimfuata. Byarugaba aliuliza maswali mawili matatu ya kurekebisha mambo, na Musoki akayajibu, lakini baadaye hakukumbuka alisema nini.

Alishinda. Hukumu ilisema mjane wa ndoa halali na binti yake ndio warithi, kwamba kukosa mtoto wa kiume si hoja tena katika nchi hii, na kwamba Baluku na watu wake watoke katika shamba lote, la juu na la chini. Wanawake wa kanisani walimpigia Musoki vigelegele. Baluku alipita karibu naye kwenye ngazi, akasema bila kusimama, "Angalau mimi nilimfukuza mbele ya watu."

Solanji hakurudi mlimani baada ya siku ile ya ushahidi. Alituma mtu wa bodaboda achukue nguo zake. Musoki alizikunja mwenyewe, akaweka juu yake shuka mpya. Shuka ikarudishwa na bodaboda yule yule.

Akateremka kwa Byarugaba.

"Nataka irekebishwe tena," alisema. "Arudishiwe jina lake."

Wakili alivua miwani. "Mama Evas, marekebisho yana wakati wake. Hukumu ikishasomwa, kinachoweza kusahihishwa ni kosa la kalamu tu. Tarakimu, herufi za jina la mtu."

"Hizi nazo ni herufi za jina la mtu."

"Sikiliza." Alifunga mlango. "Uliapa. Ukija leo kuapa kwamba ulichoapa ni uongo, kwanza Baluku anarudi kortini na shamba linatetereka. Pili, wewe unaweza kufungwa. Mpe kipande chake kimyakimya. Nilikwambia tangu mwanzo, mtagawana nyumbani."

"Nyumbani hayupo," Musoki alisema.

Alimtafuta Bwera, sokoni, kwa wauza vitenge, na mmoja akamwelekeza ng'ambo. Akavuka daraja la Mpondwe pamoja na watu wa siku ya soko, akamkuta Kasindi, kwenye kibanda cha mbao, ameketi mbele ya marundo ya dagaa. Alikuwa amekonda. Alimwona Musoki kutoka mbali na hakujificha.

"Mama," alisema. Hakusema Yaya.

Musoki alipiga magoti kwenye vumbi, mbele ya wanunuzi. Alisema yote: Byarugaba, neno hawara, kiapo, woga wa Baluku. Alisema hata kile kitamu kilichompanda kifuani, maana hakuona tena sababu ya kukificha. Akasema shamba la chini limeiva, hakuna aliyeligusa, ni lake, lichumwe na mwenyewe.

Solanji alimsikiliza akipanga dagaa wake.

"Kule bantu bote banajua sasa," alisema mwisho. "Bamesikia kwa korti. Iko kwa karatasi ya serikali. Baluku anajua, pasta anajua, batoto ya jirani banajua. Nikipanda mulima kesho, nikikutana na mutu kwa njia, akiniuliza minaenda wapi, nitasema minaenda kwangu?" Sauti yake haikupanda. "Niambie we. Nitarudi kama nani?"

Musoki alitafuta neno, na kila alilolipata lilikuwa ni lile alilolikana mbele ya hakimu akiwa ameshika Biblia. Mteja alifika na mfuko wake, akauliza bei. Solanji akamgeukia, akaanza kupima, na hakugeuka tena. Musoki alikaa magotini mpaka watu walipoanza kumkwepa kama jiwe la njiani, kisha akainuka, akavuka daraja.

Miaka ile ya mwisho wa muongo, habari za mauaji zilikuwa zikitoka kila juma upande wa Beni, ng'ambo ya mpaka, na watu waliokuwa na ndugu kule walisikiliza redio wamesimama. Musoki naye alisikiliza. Hakuwa na haki ya kumuuliza mtu.

Evas alikua. Shule ikifunga, gari linalomleta kutoka Bwera lingeweza kumfikisha nyumbani Kyondo siku hiyohiyo, lakini yeye hufika kesho yake, nguo zake zikinuka dagaa. Humsalimu mama yake kwa heshima, hupika, huteka maji, husali kabla ya kula. Musoki humpa maji ya kunawa, na hamuulizi alikolala.